Kalamu ya Leza ya Kujitengenezea: Inavyoundwa, Inavyokarabatiwa, na Kwa Nini Siiongezi Nguvu

Wengi mnaohudhuria madarasa yetu ya jioni mmeniuliza habari ya ile kalamu ya mwanga mwekundu ninayoonyeshea picha ukutani. Nimekuwa nikijibu kwa mkato kwa sababu muda wa darasa ni mfupi. Leo naeleza inavyoundwa, inavyokarabatiwa, na jambo moja ninalokataa kulifanya hata nikilipwa.

Nianze na kazi yake. Kiwavijeshi vamizi wa mahindi hutambulika kwa alama ndogo: umbo la herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la kichwa, na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Ukionyesha picha hiyo kwenye shuka jeupe mbele ya watu 40, fimbo haisaidii sana. Ukisogea karibu, kivuli chako kinafunika picha. Ukisimama pembeni, aliye nyuma hajui unaonyesha doa lipi. Nukta ya leza inatua pale unapotaka na wote wanaiona kwa pamoja. Mkulima akilijua doa hilo, hanunui dawa kwa kubahatisha.

Kalamu nyingi za bei nafuu hutumia betri tatu ndogo za duara, aina ya LR44. Betri hiyo ina akiba ya takriban mAh 150 tu, na huku kwetu kuipata ni kazi. Betri ya kawaida ya AA ya alkali huzidi mAh 2,000 na ipo hata kwenye duka la chumvi na kiberiti. Kitu kingine kinachokufa mapema ni swichi. Leza yenyewe mara nyingi inabaki nzima, lakini kalamu inatupwa. Ndiyo maana naunda ya kwangu.

Vifaa

- Kichwa cha leza nyekundu cha volti 5 kutoka duka la vifaa vya umeme. Ni kipande cha shaba nyembamba kama penseli, chenye waya mbili na rezista yake ndani. Kiwe na maandishi ya nguvu isiyozidi miliwati 5.
- Betri tatu za AA, jumla volti 4.5.
- Bomba la plastiki la kupitishia waya za umeme, la milimita 20, urefu sentimita 22.
- Swichi ya kubonyeza, ya aina ya kengele ya mlango.
- Springi ya tochi mbovu, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, waya mwembamba na gundi.

Kuunda

Panga betri tatu kwa mstari ndani ya bomba, vichwa vyote vikitazama mbele. Mbele yake weka kibati cha kugusa, na kutoka hapo pitisha waya kwenye swichi hadi waya mwekundu wa leza. Nyuma weka springi kwenye kifuniko, na waya wake urudi mbele kandokando ya betri hadi waya wa pili wa leza. Acha waya huo mrefu kidogo ili kifuniko kifunguke wakati wa kubadilisha betri.

Kabla ya kuweka betri, hakikisha chanya na hasi hazijapishana. Ukilehemu, lehemu kwenye ncha za waya, wala usiguse mwili wa leza, maana joto linaiua. Zungushia kichwa cha leza mpira wa baiskeli mpaka kibane katikati ya bomba. Jaribu kwanza kwenye ukuta, kisha ndipo utie gundi.

Usitumie swichi ya kuwasha na kuacha. Ya kubonyeza ni bora kwa sababu ukiondoa kidole mwanga unazimika. Kalamu ikidondoka mbele ya watu, haitabaki inamulika macho ya mtu.

Kukarabati

Haiwaki kabisa: badilisha betri, kisha safisha mahali zinapogusa. Ukikuta ukungu mweupe wa betri ya alkali iliyovuja, futa kwa pamba yenye maji ya limau, halafu kausha vizuri. Ikikataa bado, unganisha waya mbili za swichi kwa muda. Ikiwaka, mbovu ni swichi.

Inawaka na kuzima ukiitikisa: springi imelegea au lehemu imeachia.

Nukta imesambaa: lenzi ina vumbi au imelegea. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, kisha ukaze taratibu ukiangalia nukta ukutani.

Mwanga ni hafifu hata kwa betri mpya: leza yenyewe imeungua. Hapo hakuna ukarabati, unabadilisha kichwa kizima.

Katika hatua zote hizi, usichungulie kwenye tundu la leza kuangalia kama inawaka. Elekeza ukutani.

Kuhusu kuongeza nguvu

Nilipoionyesha kwa muuzaji mmoja wa gulioni, aliigeuza mkononi akacheka. "Bwana shamba, wateja wangu hawataki hii. Wanataka ya kijani, inayofika mlima wa pili." Nikamuuliza wateja wenyewe ni nani. Akasema wengi ni watoto wa shule. Nilipomweleza hatari yake akanijibu, "Nisipouza mimi, atauza mwenzangu."

Kibiashara hoja yake ina ukweli, nami sina jibu la kumjazia mfuko. Ninachoweza kumpa ni maelezo ya kinachotokea ndani ya jicho.

Mwanga wa leza hautawanyiki kama wa tochi. Ukiingia kwenye jicho, lenzi ya jicho inaukusanya kwenye nukta ndogo sana nyuma, pale tunapoonea. Sehemu hiyo haina hisia ya maumivu. Leza kali ikiiunguza, mtoto halii wala jicho halitoi damu. Anakuja kugundua siku anaposoma ubaoni na katikati ya neno pana giza. Kovu hilo haliondoki kwa dawa ya matone.

Ya kijani ya bei nafuu ina hatari ya ziada. Nyingi huanza na mwanga usioonekana, ambao unageuzwa kuwa kijani na fuwele ndogo. Kama kichujio hakikuwekwa, mwanga ule usioonekana unatoka pia, na jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walipima kalamu moja ya kijani iliyoandikwa miliwati 10. Kijani chake kilikuwa hafifu, lakini ilitoa karibu miliwati 20 za mwanga usioonekana. Maandishi ya kwenye kibandiko hayakumwambia mnunuzi jambo hilo.

Kwa hiyo anayeniletea kalamu nimwongezee nguvu, namrudishia kama ilivyo. Miliwati 5 zinatosha kabisa darasani, tena hata hizo hazielekezwi usoni kwa mtu, kwa mnyama, wala kwa dereva wa pikipiki barabarani.

Kwa wafanyabiashara, ushauri wangu ni huu. Usimuuzie mtoto leza kama kitu cha kuchezea. Usinunue mzigo usioandikwa nguvu yake. Kama unataka faida kwenye vitu vya mwanga, weka tochi za sola, swichi, springi na betri za AA. Mwenye tochi mbovu atarudi kwako kila msimu, na hakuna mzazi atakayekuja kukudai jicho la mwanawe.

Na kwa wakulima: mkiiunda, iwekeni juu, mbali na watoto, betri zikiwa zimetolewa. Pia msiitumie kupimia kontua shambani. Ukikosea milimita 1 kwenye pima maji ya sentimita 30, nukta inakosea sentimita 10 ukifika mita 30, na mvua itakata tuta lako. Kwa kazi hiyo fremu A inatosha.

Kazi njema.