Haki ya Kuitisha Mkutano: Vyama vya Muziki vya Ujerumani na vya Unguja

Demokrasia ya chama cha hiari, yaani chama ambacho watu hujiunga nacho kwa mapenzi ya jambo fulani na si kwa kutafuta kipato, haipimwi kwa uchaguzi peke yake, bali kwa uwezo alionao mwanachama asiye na cheo pale viongozi wanapokataa kukutana na wenzao. Mzanzibari anayejiunga na kwaya nchini Ujerumani hukuta jambo hilo limekwisha kuamuliwa na sheria ya nchi.

Sheria ya kiraia ya Ujerumani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, huweka wanachama saba kuwa kima cha chini cha kusajili chama, huupa mkutano mkuu mamlaka ya kuteua uongozi, na hutaka robo tatu ya kura zilizopigwa ili katiba ibadilishwe, isipokuwa katiba yenyewe imepanga vingine. Kifungu chenye uzito kuliko vyote ni kile kinachoruhusu sehemu ya kumi ya wanachama, ikiwa katiba haikutaja kiwango kingine, kudai kwa maandishi mkutano uitishwe, na viongozi wakipuuza, mahakama inaweza kuwapa wadai hao idhini ya kuuitisha wenyewe. Hivyo wachache hawana haja ya kumsihi mwenyekiti wala kujitenga na kuunda chama kingine. Katika ngazi ya taifa mambo ni ya mbali zaidi, kwa kuwa shirikisho la kwaya, ambalo asili yake ni umoja ulioundwa Coburg mwaka 1862, huendeshwa kwa wajumbe, na mwimbaji wa kijijini hampigii kura rais wake moja kwa moja. Wala maandishi hayakutosha kuwa kinga: mwaka 1933 utawala wa Wanazi uliuvunja umoja wa waimbaji wafanyakazi na kuvilazimisha vyama vingine vifuate amri ya kiongozi mmoja.

Unguja nako chama cha muziki si jambo geni. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab ya Mji Mkongwe, iliundwa mwaka 1905, na baada ya Mapinduzi ya 1964, vyama vilipowekwa chini ya uangalizi wa dola na chama tawala, ilijulikana kwa jina la Malindi kabla ya kurejea jina lake la asili. Kudumu kwake katika misukosuko hiyo kunastahili heshima kubwa, kwani chama kisichopendwa na watu wake kisingevuka hata nusu ya safari hiyo. Katika klabu za namna hii nguvu kubwa imo katika mazoezi ya jioni, ambako wapigaji, waimbaji na wazee hukaa pamoja, na neno la mkongwe huweza kumaliza ugomvi kabla haujafika kwenye kamati. Njia hiyo ina upole ambao kura haina, lakini humwacha kijana, au mtu asiye na jamaa ndani ya klabu, akitegemea hisani ya wakubwa.

Tena si kila mpenzi wa taarab aliyepata nafasi katika vyama hivyo. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Mumbai mwaka 1928, alijenga jina lake pamoja na kundi lake mwenyewe, nje ya klabu za wanaume wenye hadhi, na baadaye wanawake waliunda vyama vyao, vikiwemo Nuru el-Uyun na Sahib el-Arry, vilivyoshindana kwa nyimbo.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka Ujerumani si wingi wa kanuni, bali kifungu kile kimoja: katiba ya kila klabu itamke ni wanachama wangapi wanaoweza kuitisha mkutano bila ya idhini ya mwenyekiti, na kwamba katika mkutano huo mshika fedha atasoma hesabu za ada na tunzo mbele ya wote, wazee wakiwa wamekaa palepale walipozoea kukaa.