Cuttack, Mji wa Fedha Kati ya Mito Miwili

Mji wa Cuttack umo katika jimbo la Odisha, mashariki ya Bara Hindi. Umekaa juu ya ulimi wa ardhi: kaskazini wapita mto Mahanadi, maana yake Mto Mkuu, na kusini wapita Kathajodi, tawi lake litengukalo huko Naraj. Maji hayo hustawisha mashamba ya mpunga, lakini mvua kuu za Juni hadi Septemba zikizidi, huwa adui. Kwa sababu hiyo watu wa kale walijenga ukuta wa mawe kando ya Kathajodi; yasemekana ni kazi ya mfalme wa ukoo wa Kesari, katika karne ya 11. Mwaka 1957 Bwawa la Hirakud lilifunguliwa mbali upande wa juu wa Mahanadi ili kupunguza mafuriko, lakini mji haujaacha kuutegemea ukuta wake.

Sifa kubwa ya Cuttack ni kazi ya masonara, iitwayo tarakasi. Fundi huyeyusha fedha, akaivuta katika matundu yazidiyo kuwa madogo mpaka iwe uzi mwembamba. Kisha huzisokota nyuzi, akazikunja kuwa maua na majani, akaziunga kwa lihamu na moto. Wakati wa sikukuu ya Durga, sanamu husimamishwa mbele ya mapambo makubwa ya fedha ya kazi hiyo.

Mgeni ataona lango na handaki la ngome ya Barabati, na nyumba alimozaliwa Subhas Chandra Bose mwaka 1897, ambayo sasa ni makumbusho. Mbalamwezi ya mwezi wa Kartik ikitimia, hufanywa maonyesho ya Bali Jatra ukingoni mwa Mahanadi. Watu huelea vijahazi vidogo vyenye taa, kuwakumbuka mabaharia waliosafiri kwa pepo za kaskazi hadi Bali na Java.

Mwaka 1948 liliwekwa jiwe la msingi la mji mkuu mpya, Bhubaneswar, na Cuttack ikapokonywa cheo chake. Ufundi haukuhama. Hatari yake ni nyingine: kazi ni ya siku nyingi, ujira ni mdogo, na vijana wengi hutafuta riziki kwingine. Mwaka 2024 tarakasi ya Cuttack ilipewa ulinzi wa sheria, kwamba kazi ya mahali pengine isiuzwe kwa jina lake. Ni jambo jema. Lakini jina pekee halimshibishi fundi. Amshibishaye ni mnunuzi atoaye bei ya haki.