Mkanda Peke Yake Haupimi Bondia

Katika mabishano yasiyokwisha, machache yawezayo kushindana na yale yanayohusu bondia aliye bora kuliko mabondia wote waliopata kuvaa glavu. Mzee atamtaja Joe Louis, kwa kuwa ndiye aliyesoma habari zake gazetini zamani za ujana wake. Aliye mdogo kwake atamtaja Muhammad Ali, na akiulizwa sababu atasema kwamba picha zake peke yake ni ushahidi wa kutosha. Kila mmoja huwatetea watu wa wakati wake, na mwishowe aghalabu hushinda mwenye sauti kubwa. Mabishano haya hufurahisha baada ya kazi, walakini yanastahili kufikiriwa zaidi ya hapo, kwa maana ndani yake mna swali la haki: je, mtu apimwe kwa yale aliyoyapata, au kwa yale aliyoyaweza?

Ugumu wa kwanza ni kwamba watu wa zama mbalimbali hawakupigana kwa masharti mamoja. Jack Johnson aliponyang'anywa ubingwa wa uzito wa juu na Jess Willard mjini Havana tarehe 5 Aprili 1915, pigano lao lilikuwa limepangiwa raundi 45, naye aliangushwa katika raundi ya 26. Zamani za Joe Louis mapigano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15. Baada ya bondia Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufa mwaka 1982 kwa sababu ya pigano la ubingwa, raundi zilianza kupunguzwa, zikawa 12. Hesabu za mapigano nazo hazilingani. Rocky Marciano alipigana mara 49 tu katika maisha yake ya kulipwa, Muhammad Ali mara 61, na Sugar Ray Robinson karibu mara 200. Mkulima hawezi kulinganisha magunia ya mwaka wa mvua na magunia ya mwaka wa ukame bila ya kuitaja mvua. Vivyo hivyo hesabu za mabondia hazina maana mpaka zielezwe zilivyopatikana.

Basi yafaa anayetaka kubishana kwa akili ajiulize maswali matatu. Kwanza, bondia huyu aliwashinda nani, na hao walioshindwa walikuwa katika hali gani siku hiyo? Pili, alidumu kwa muda gani, na alipoanguka aliinukaje? Tatu, na hili ndilo husahauliwa mno, je, alifunguliwa mlango wa kuyapigania makubwa, au alifungiwa?

Joe Louis hujibu vema maswali mawili ya kwanza. Alipata ubingwa tarehe 22 Juni 1937 mjini Chicago kwa kumwangusha James Braddock, akakaa nao mpaka alipojiuzulu mwaka 1949, na katika muda huo aliutetea mara 25. Kabla ya hapo, mwaka 1936, Max Schmeling wa Ujerumani alikuwa amempiga na kumwangusha katika raundi ya 12. Mwaka 1938 Louis alimtaka tena, na safari hiyo mambo yalikwisha katika raundi ya kwanza, kwa muda wa dakika 2 na kitu. Mtu aliyepata kuangushwa mbele ya dunia nzima, kisha akarudi kumkabili yule yule aliyemwangusha, ana kitu kisichoonekana katika mkanda.

Rocky Marciano hakupata kushindwa hata mara moja. Alijiuzulu mwaka 1956, akiwa ameshinda mapigano yake yote 49. Hakuna awezaye kumwondolea sifa hiyo. Lakini swali la kwanza lamdai maelezo: Joe Louis aliyempiga mwaka 1951 alikuwa na miaka 37 na nguvu zake zilikuwa zimekwenda, Jersey Joe Walcott aliyemnyang'anya ubingwa mwaka 1952 alikuwa na miaka 38. Asiyeshindwa ni mtu mkubwa, ila kutoshindwa hakutoshi kumfanya mkubwa kuliko wote.

Ama Muhammad Ali, hoja yake iko katika majina ya watu aliowashinda. Mwaka 1964 alimshinda Sonny Liston aliyeogopwa na kila mtu. Mwaka 1967 alivuliwa ubingwa kwa kukataa kuingia jeshini, akakaa miaka 3 na zaidi bila kupigana, wakati ule ambao bondia huwa katika ubora wake. Aliporudi alishindwa na Joe Frazier mwaka 1971, kisha akamshinda mara mbili. Na tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, alimwacha George Foreman ajichoshe kwa kumpiga akiwa ameegemea kamba, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Katika daraja la uzito wa juu ni vigumu kumpata mwingine aliyekutana na wapinzani wagumu kama hao, naye akawashinda.

Hata hivyo, wengi wa wajuzi wa mchezo huu, wanapoulizwa ni nani angekuwa wa kwanza kama watu wote wangefanywa kuwa na uzito mmoja, humtaja Sugar Ray Robinson. Alianza kulipwa mwaka 1940, na mpaka kati ya mwaka 1951 alikuwa amepigana zaidi ya mara 120 na kushindwa mara 1 tu, na Jake LaMotta mwaka 1943. Na huyo LaMotta, aliyemzidi uzito, Robinson alikutana naye tena majuma matatu baadaye akamshinda. Alikuwa bingwa wa uzani wa welta, yaani ratili 147, kisha akawa bingwa wa uzito wa kati mara 5. Randolph Turpin wa Uingereza alimshinda mjini London mwezi wa Julai 1951. Mwezi wa Septemba Robinson aliuchukua mkanda wake tena. Mwaka 1952 alijaribu kumnyang'anya Joey Maxim ubingwa wa ratili 175. Usiku huo joto la New York lilikuwa kali hata mwamuzi mwenyewe akashindwa, ikabidi aingie mwingine. Robinson alikuwa akiongoza kwa alama, lakini baada ya raundi ya 13 hakuweza kuinuka kitini kwake. Alishindwa na jua na uzito kuliko alivyoshindwa na Maxim.

Hao wote ni watu waliofunguliwa mlango. Sasa yafaa kuwatazama waliobaki nje.

Sam Langford alizaliwa Weymouth Falls, Nova Scotia, nchini Kanada. Alikuwa mtu mfupi, kama futi 5 na inchi 7, mwenye mikono mirefu na mabega mapana. Mwaka 1903, angali kijana, alimshinda Joe Gans, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito mwepesi. Lakini ubingwa haukuwekwa katika pigano lile, kwa hiyo Langford alirudi nyumbani na sifa bila mkanda. Akaendelea kupanda uzito hata akawa anapigana na majitu. Mwaka 1906 alikutana na Jack Johnson, aliyemzidi sana uzito. Langford alishindwa kwa alama, ila alisimama mpaka raundi ya 15, ya mwisho.

Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Desemba 1908 mjini Sydney, Johnson alimshinda Tommy Burns akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Langford akangoja kuitwa. Hakuitwa. Johnson, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfuata Burns kutoka nchi hata nchi akiomba nafasi, hakumpa Langford nafasi hata moja muda wote alipokuwa bingwa. Watayarishaji wa mapigano walitaka mzungu wa kumpiga Johnson, na hapo ndipo penye fedha. Kumkabili Langford kulikuwa hatari kubwa kwa faida ndogo. Na Johnson alipoanguka mwaka 1915, mlango ulifungwa kwa komeo: hakuna mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kuupigania ubingwa wa uzito wa juu mpaka Joe Louis mwaka 1937, yaani miaka 22.

Husemwa kwamba kizuri chajiuza. Langford ni ushahidi kwamba mara nyingine kizuri humkimbiza mnunuzi. Kwa kukosa wa kupigana naye, yeye na weusi wenzake waliokuwa hodari walilazimika kupigana wao kwa wao tena na tena ili wapate chakula. Yeye na Harry Wills walikutana zaidi ya mara 15. Mwaka 1917 jicho lake moja liliharibika katika pigano, na la pili likaanza kufifia, lakini hakuacha. Mwaka 1922, akiwa anaona kwa shida, alimwangusha Tiger Flowers katika raundi ya 2; huyo Flowers mwaka 1926 alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati.

Hadithi hiyo haikuishia kwake. Charley Burley wa Pittsburgh alipigana zaidi ya mara 80 katika miaka ya 1930 na 1940, wala hakuna aliyepata kumwangusha asiamke. Mwaka 1944 alimshinda Archie Moore, akimwangusha zaidi ya mara moja. Moore baadaye akawa bingwa wa dunia, na mpaka uzeeni alimtaja Burley kuwa miongoni mwa walio bora aliokutana nao. Burley hakupewa nafasi ya ubingwa hata moja. Alipoacha ngumi alifanya kazi ya kuzoa taka mjini kwao.

Ezzard Charles naye ni namna nyingine ya kusahauliwa. Alimshinda Burley mara mbili mwaka 1942 na Archie Moore mara tatu kati ya mwaka 1946 na 1948, lakini ubingwa wa ratili 175, daraja lililomfaa kuliko yote, hakupewa nafasi ya kuupigania. Ikambidi apande kwa watu wazito kumzidi, na huko akawa bingwa mwaka 1949. Mwaka uliofuata alimshinda Joe Louis kwa alama. Badala ya kumpongeza, watu wengi walimchukia kwa kumpiga kipenzi chao, na tangu hapo jina lake likawa kivulini mwa lile la aliyemshinda. Mwaka 1954 alisimama raundi zote 15 mbele ya Marciano. Alikufa mwaka 1975, baada ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu kumpooza, akiwa na miaka 53.

Mwenye kupinga ataleta hoja nzito: sifa hutolewa kwa yaliyofanyika, si kwa yale ambayo yangefanyika. Hoja hiyo ni ya kweli, na wanaompenda Langford wasiikimbie. Walipokutana mwaka 1906, Johnson ndiye aliyeshinda. Na hakuna awezaye kuapa kwamba miaka minne baadaye ingekuwa vingine. Lakini haki haidai Langford apewe ushindi asioupata. Yadai tu kwamba asihesabiwe kuwa ameshindwa katika mtihani ambao mlango wake ulifungwa kabla hajaingia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nchini Kenya liko jambo linaloonyesha kwamba hata waamuzi wenyewe hulijua hilo. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico, Philip Waruinge alitolewa katika nusu fainali na Antonio Roldán, kijana wa Mexico, ambaye hatimaye alipewa dhahabu. Na wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Waruinge akapata shaba. Lakini kikombe cha Val Barker, ambacho kilikuwa kikipewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote katika michezo ile, wa kila uzito na kila nchi, hakikwenda kwa yeyote aliyevaa dhahabu. Kilikwenda kwa Waruinge. Miaka minne baadaye, mjini Munich, alipata fedha. Anayehesabu nishani peke yake atasema kwamba alikosa dhahabu mara mbili. Anayejua habari ya kikombe atajua alichokiona mwaka 1968.

Kwa hiyo, ikilazimu kutoa hukumu, taji la ukubwa lampasa Robinson, kwa kuwa hajibu swali moja tu bali yote matatu: aliwashinda wakubwa, alidumu miaka 25, na kila alipoanguka aliinuka. Kwa waliopunjwa sifa zao, wa kwanza ni Langford, na Charles amfuate nyuma yake. Atakayekataa hukumu hii ana ruhusa, mradi alete watu walioshindwa, miaka na uzito, wala si sauti.

Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti la New York, Al Laney, alimtafuta Sam Langford, akamkuta katika chumba kidogo Harlem, kipofu na maskini. Alipoandika habari zake, wasomaji walichanga fedha, na fedha hizo zilimtunza mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1955 gazeti la The Ring lilimwingiza katika orodha yake ya mabondia wa heshima, ijapokuwa hakupata kuwa bingwa wa dunia. Mwezi wa Januari 1956 alifariki. Heshima hiyo ilimfikia akiwa amebakiza miezi tu ya kuishi, na wala hakuweza kuisoma, ilibidi asomewe.