Somo Nililopewa na Karani wa Masijala

Ndugu Mhariri ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niwaandikie wenzangu walio bado madarasani habari za kazi. Nilidhani nitaandika juu ya bidii na nidhamu, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi. Lakini nikijitazama naona kwamba jambo kubwa nililojifunza tangu nitoke hapa nilijifunza kwa kukosea, nalo ndilo nitakalosimulia.

Mwaka 2021 niliajiriwa katika ofisi ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Tulikuwa watu 11. Kila mtu alikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilikuwa kama sanduku lenye kufuli. Karani wa mizani alikuwa na orodha yake ya kilo, mhasibu ana yake, na meneja ana yake. Orodha hizo zilitumwa kwa barua pepe na kwa simu, zikasahihishwa huku na huku, hata hapana aliyejua ipi ndiyo ya mwisho.

Msimu huo malipo yalifanywa kwa orodha ya zamani, na wakulima wa kijiji kimoja wakapunjwa. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na orodha mbili zisizolingana. Mzee mmoja alikuja ofisini mara tatu kwa miguu, stakabadhi zake amezifunga katika kitambaa. Mara ya tatu hakudai tena fedha. Aliuliza tu kama tungeweza kumwandikia barua mwalimu mkuu, mjukuu wake apokewe shuleni ingawa hana godoro wala madaftari. Barua ile niliiandika mimi. Nilikumbuka siku niliyofika hapa shuleni na godoro langu kichwani, nikaona haya.

Baada ya mkasa huo meneja alinunua programu ya kufanyia kazi pamoja. Orodha huwekwa moja tu, mahali pamoja. Kila mwenye ruhusa huiona na kuiandika, na jina la aliyeisahihisha huonekana. Tena kuna vyumba vya mazungumzo, kila shughuli na chumba chake. Kwa kuwa nilikuwa kijana kuliko wote, nilipewa kazi ya kuwafundisha wenzangu.

Basi, niliwakusanya siku ya Jumamosi. Nikasimama mbele yao kwa muda wa saa tatu, nikamwaga maneno ya kitaalamu kama mtu amwagaye mtama mbele ya kuku. Wote waliitikia kwa kichwa. Mwisho nikamwita mbele karani wa masijala, mzee wa miaka 58 ambaye sote tulimwita Babu, ajaribu mwenyewe. Mkono ulimtetemeka, akabonyeza pasipotakiwa, na orodha ikapotea kiooni. Nikacheka, nikasema, "Babu, hata mjukuu wako wa darasa la tatu analiweza hili!" Watu wote wakacheka. Yeye naye akacheka, akarudi kuketi.

Wiki tatu zikapita. Kila asubuhi nilifungua programu ile nikakuta humo watu wawili tu, mimi na kijana mwenzangu wa stoo. Wengine walirudia barua pepe zao, na Babu alirudia daftari lake kubwa. Nilikwenda kwa meneja kushitaki kwamba wazee wanakataa maendeleo.

Usiku nikaanza kutafuta katika mtandao kama wako wengine walioshindwa kama mimi. Nilishangaa. Kumbe wazo lenyewe si jipya hata kidogo. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Douglas Engelbart aliwaonyesha watu ukumbini jinsi yeye na mwenzake aliye mji mwingine walivyoweza kuitazama kazi moja kiooni kwa wakati mmoja na kusemezana. Jambo lile lilikuwapo kabla wazazi wangu hawajazaliwa!

Nikasoma tena habari za mwalimu wa chuo kikuu, Bibi Wanda Orlikowski, aliyeandika mwaka 1992 juu ya kampuni moja kubwa ya washauri wa biashara. Kampuni ile iliwapa watu wake programu ya namna hii, iitwayo Lotus Notes, lakini wengi hawakuitumia kwa kushirikiana kama ilivyotarajiwa. Aliona sababu mbili hasa. Ya kwanza, hawakufundishwa vya kutosha ina faida gani. Ya pili, katika kampuni ile mtu alipandishwa cheo kwa ujuzi wake mwenyewe. Basi kwa nini aumwage ujuzi huo mbele ya wenziwe wanaoshindana naye? Niliposoma hapo nikamkumbuka Babu, na usingizi ukaniruka.

Asubuhi nilikwenda masijala kabla ya wengine hawajafika. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba radhi kwa kicheko cha siku ile. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwanangu, mimi nimekaa chumba hiki miaka 27. Mtu akitaka barua ya mwaka 1998, huja kwangu. Mkishatia kila kitu humo mwenu, mtanitaka kwa lipi? Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Tena mimi huandika polepole, hukosea, hufuta. Katika daftari langu hapana anionaye. Humo kwenu nakosea huku watu kumi wananitazama."

Sikuwa na jawabu. Mimi nilidhani anaiogopa mashine. Yeye aliogopa fedheha, na aliogopa kuwa mtu asiye na kazi. Na fedheha ile nilimwonjesha mimi mwenyewe siku ya kwanza.

Nikamwambia kweli kwamba nami nilikuwa nimekwama. Majalada katika programu nilikuwa nimeyapanga ovyo, na hata yule kijana wa stoo hakuona kitu. Nikamwomba anifundishe jinsi anavyoyapa majalada namba. Tulifanya kazi hiyo siku nne, mlango tumeufunga. Yeye alisema namba, mimi nikaandika. Siku ya tatu tukabadilishana viti. Mpango wa masijala yake ndio uliokuwa mpango wa programu yetu, na wenzetu walipotaka kujua kitu kiko wapi, bado walimwendea Babu.

Halafu Babu akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu kuliuliza. "Na Bwana Meneja je, naye yumo?" Hakuwamo. Bado alitutumia maagizo yake kwa simu. Tulikwenda kwake pamoja, Babu akasema kwa adabu, na meneja akakubali. Tangu siku ile maombi ya ruhusa na ya fedha aliyajibu humo tu, na makosa yake ya kuandika tukayaona sote. Nadhani hayo makosa yake yalivuta watu wengi kuliko mafundisho yangu ya saa tatu. Tena hatukutaka kubadili yote kwa siku moja. Tulianza na orodha ya kilo na malipo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotuumiza.

Msimu uliofuata wakulima walilipwa kwa orodha moja. Yule mzee alipokea haki yake, na baki ya mwaka uliotangulia pia. Sisemi kwamba mambo yote yalikwisha. Mtandao ukikatika, daftari la Babu hufunguliwa, na ni vema lipo. Dereva wetu ana simu ya kawaida isiyoweza kupokea programu ile. Yeye tulimpigia, wala hatukumcheka. Babu amekwisha kustaafu, lakini kijana aliyeshika chumba chake alifundishwa naye.

Ndugu zangu wanafunzi, ninyi mtatoka hapa mkiwa wepesi wa mitambo mipya kuliko mabosi wenu. Mtaambiwa muwafundishe waliowatangulia. Siku hiyo mkumbuke kwamba mtu akikataa kitu kipya, huenda kuna kitu chake anachokilinda. Muulizeni kwanza ni kitu gani. Mfundisheni faraghani, si mbele ya watu, na jifunzeni kwake kabla ya kumfundisha. Nanyi wazazi na walimu wetu, nawaomba msione haya kutuuliza sisi vijana. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu mimi, niliyecheka.