Akiba ya Vidole Viwili

Gauni lenyewe lilikuwa sare ya harusi. Mambo haya yanajulikana: ndugu wa bibi harusi wanachagua kitenge, kila mtu anatoa mchango wake, fundi anapima wanawake ishirini kwa siku moja, na siku ya sherehe wote tunang'aa rangi moja. Kesho yake gauni linakunjwa. Halivaliwi tena, maana harusi inayofuata ina sare yake. Langu, la kijani na manjano, lilikaa sandukuni miaka minne pale nyumbani Garsen.

Novemba 2023 zikaja mvua za El Niño, Mto Tana ukafurika. Tuliwahi kuinua magodoro na unga, sanduku tukalisahau. Maji yalipopungua nilikuta gauni limeshika tope kutoka kwenye pindo hadi usawa wa magoti. Nililifua mara tatu kwa sabuni ya kipande. Tope likazidi kung'ang'ania, likaacha doa la rangi ya chai ya maziwa. Nikaliweka pamoja na takataka za kuchoma.

Mama ndiye aliyenizuia, wala hakusema mengi. Alinipeleka hadi kwenye vichaka vya ukingoni. Matambara yalikuwa yananing'inia kwenye miiba: mkono wa sweta, suruali ya mtoto, kipande cha pazia.

"Hizi si nguo za hapa, mwanangu," akasema. "Zimetoka juu."

Neno hilo limeniganda. Tana unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, unateremka karibu kilomita 1,000 hadi baharini Kipini, na sisi tuko mkiani. Watu wa juu wakisema wamekitupa kitu, sisi huku tunakipokea. Nami nikitupa, mpokeaji ni mtu wa Kipini. Tena nguo nyingi za siku hizi ni poliesta, plastiki iliyosokotwa kuwa uzi: ukiizika haiozi, ukiichoma moshi wake tunauvuta wenyewe.

Basi gauni nikalipeleka kwa fundi, mzee mwenye cherehani ya miguu kwenye baraza ya duka. Nilidhani atapiga mkasi penye doa, mambo yaishe. Yeye aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, uso ukamchangamka.

"Aliyeshona hili alikuwa na adabu. Ameacha akiba."

Kweli, ndani ya mshono kulikuwa na kitambaa cha upana wa vidole viwili, kila upande. Mafundi wengi siku hizi hukata mpaka karibu na uzi, kwa sababu mteja anataka nguo leo na anataka bei ya chini. Mzee akanipa wembe. "Kushona ni kazi yangu, binti. Kufumua kafumue wewe."

Nilifumua jioni mbili. Ukivuta uzi kwa hasira, kitambaa kinachanika. Unakata tundu moja la mshono, unaruka matatu, unakata jingine, kisha unageuza upande wa pili na uzi unakuja wenyewe, mrefu, bila kelele. Mle ndani nikaikuta rangi ya siku ya harusi. Nje kitenge kilikuwa kimepauka, lakini kwenye akiba kijani kilikuwa kibichi vilevile. Nililishika gauni lile muda mrefu. Nilikuwa nimelihukumu kwa doa, sikuwahi hata kulifungua.

Inakadiriwa kwamba pamba ya shati moja tu hunywa lita 2,700 za maji. Kwa mitungi ya lita 20 hiyo ni mitungi 135, na mimi niliyekua nikibeba maji kutoka mtoni naujua uzito wa mmoja. Gauni langu lilikuwa na kitambaa kingi kuliko shati. Wala kaunti yetu si ngeni kwa pamba. Bura walilima pamba miaka ya 1980, na Hola kabla yao, mpaka mto ulipohama njia yake mwaka 1989 na mradi wa umwagiliaji wa Hola ukakosa maji. Wazee wa huko hawana haja ya kuambiwa kwamba nguo inaanzia kwenye jembe. Ni sisi tuliozaliwa robota za mitumba zikiwa zimejaa sokoni tunaodhani inaanzia kwenye hanga. Mitumba siitukani, imetuvika na imesomesha watoto wa wengi. Ila urahisi wake umetufanya tusahau wembe.

Mzee alinitolea blauzi kwenye sehemu ya juu, akaipanua kwa ile akiba, maana miaka minne mwili umeongezeka. Fundi wa kwanza hakunijua nitakavyokuwa leo, lakini aliniwekea nafasi. Kitambaa safi cha katikati kikawa sketi ya mpwa wangu wa miaka sita. Kile chenye doa kikawa bitana ya mfuko wa sokoni, na vipande vidogo mama akavijaza kwenye mto wa kulalia.

Sasa harusi nyingine inakuja Desemba, na tayari kitenge kimechaguliwa. Wewe nawe ukienda kupimwa sare yako, usiulize bei tu. Mwambie fundi akuachie vidole viwili kwenye mshono, na umlipe kwa muda atakaoutumia.