Usiku Mtoto Alipojigeuza

Mwaka 1974 nilikuwa nikisomea ukunga katika hospitali moja ya mwambao wa Tanga. Darasani tulikuwa na mwanasesere wa kitambaa na nyonga ya mifupa mitupu, tukimpitisha humo mpaka mikono ikazoea. Lango la juu la nyonga ni pana ubavu kwa ubavu. La chini ni pana kutoka mbele kwenda nyuma. Ndiyo maana mtoto huingia akitazama pembeni, akakunja kidevu kifuani, kisha akazunguka hadi uso uelekee mgongo wa mama. Kukunja kidevu ndiko kunakoamua mengi: kichwa kilichoinama vizuri hupita kwa kipimo cha sentimita 9.5 hivi, kisipoinama, kipimo hufika 11.5.

Hayo niliyakariri. Kuyaona ni usiku alipoletwa leba binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, akilia na mgongo tu. "Sista, kiuno kinakatika." Mkunga mkuu alimpapasa tumbo, akakuta pamebonyea usawa wa kitovu, na vijiguu vya mtoto vinachezacheza kwa mbele. Kisogo kilikuwa kimeegemea uti wa mgongo wa mama.

"Inuka, mwanangu." Akamshusha kitandani, akampigisha magoti juu ya mkeka, viganja chini, nami nikawa namkanda kiuno. Sidai kwamba mkao ule ndio uliomgeuza mtoto. Wengi wa aina hiyo hujigeuza wenyewe uchungu ukikolea. Lakini maumivu ya mgongo yalipungua, hilo nililishuhudia.

Karibu na alfajiri mkunga mkuu alimpima, akaniambia nipime na mimi. Utosi mdogo wa kisogoni ulikuwa umeshakuja mbele, chini ya mfupa wa kinena. Mtoto alikuwa amezunguka zaidi ya robo duara, mle ndani, bila mkono wa mtu.

Kisogo kikatangulia kutoka. Kichwa kikainuka taratibu: paji la uso, macho, pua, mdomo, kidevu. Nikanyoosha mikono. "Ngoja," akasema. Kichwa kikageuka chenyewe kuelekea paja la mama, kwa kuwa mabega nayo yalikuwa yakizunguka kutafuta njia. Uchungu uliofuata ukaleta bega la mbele, la nyuma, kisha mwili wote pamoja na maji.

Mama aliuliza kama kichwa kitabaki kirefu vile. Mkunga mkuu akamweleza kwamba mifupa ya fuvu ilipandana ili kupita, na kwamba siku chache zingetosha kuirudisha. Akamlaza mtoto kifuani pa mama, akamfunika kanga, akageukia kondo la nyuma.