Nyeupe Haitoshi

Rangi haina mwanga wake. Hata nyeupe kali kabisa, ukishaining'iniza ukutani sebuleni, haiwezi kufikia jua la nje. Kwa hivyo ukitaka kuchora jua kwa rangi za mafuta, kazi yako kubwa ni kivuli. Kivuli kikikaa sawa, jua linakuja lenyewe.

Hili nilifunzwa na Joaquín Sorolla, Mhispania aliyependa ufuo wa Valencia. Kwenye picha yake ya 1909, mkewe Clotilde na binti yao María wanatembea kando ya bahari na magauni meupe. Itafute kwenye simu, uivute karibu. Nyeupe tupu ni kidogo sana. Kilichojaa ni buluu na zambarau, kwa sababu kivuli cha nje huangaziwa na anga.

Mimi niliacha chuo karo ilipokatika. Wiki nzima naandikia watu makala mtandaoni, Jumapili nachora kwenye paa la ploti yetu, pale Mama anapoanika nguo anazofulia watu.

Saa sita jua la Nairobi linakaa utosini na vivuli vinajificha chini ya miguu, so nasubiri saa kumi. Naanza na vivuli, rangi nyepesi ya tapentaini, halafu siviguzi tena hata vikihama. Ukivifukuza, manze, utamaliza na picha yenye majua matatu.

Mama alitaka nimchore na nguo za kanisa, anacheka, aitume kwenye grupu ya familia. Watu waone mtoto wake hajakaa bure. Mle ndani hutumwa mwanga tu: harusi, mahafali ya mabinamu, gari jipya la mjomba.

Nilimchora kati ya mashuka, mikono juu ya kamba, uso kivulini.

Alipoiona alisogea karibu. "Mbona umenipaka zambarau usoni?"

"Jua liko nyuma yako, Mama."

Akanyamaza, akiangalia ule mstari mwembamba wa njano begani mwake. Ndiyo sehemu inayong'aa kuliko zote, na inang'aa kwa sababu uso uko gizani.

"Ni kweli," akasema. "Saa hiyo huwa linanichoma mgongo."

Rangi ya mafuta haikauki haraka, na pale begani niliipaka nene. Wiki hii ameniuliza mara mbili kama imekauka.